Sahihi ya Asiye na Kazi

Kabla serikali ya Uingereza haijawazia kumlipa mtu aliyekosa kazi, mafundi walikuwa wakilipana wenyewe. Chama cha mafundi mitambo kilichoundwa mwaka 1851, Amalgamated Society of Engineers, kilimpa mwanachama aliyeachishwa kazi shilingi 10 kwa wiki kutoka kwenye mfuko uliochangiwa na wenzake. Ili azipate, ilimpasa afike tawini kutia sahihi kwenye kitabu cha wasio na kazi. Matawi mengi hayakuwa na ofisi. Yalikutana kwenye vyumba vya baa, na kitabu kilikaa huko huko. Fundi aliingia, akaandika jina lake, akauliza kama kuna karakana iliyosikika ikitafuta watu, akaondoka.

Kitabu kile kilikuwa na kazi mbili. Kilithibitisha kwamba mtu hayuko kibaruani mahali pengine, kwa kuwa alionekana pale saa ambazo wenye kazi wako kazini. Pia kilimkutanisha na habari za nafasi mpya. Aliyekaa upande wa pili wa meza alikuwa fundi kama yeye, aliyejua karakana ipi imepunguza watu na kwa nini. Hakuwa na haja ya kumhoji mwenzake kama kweli anataka kazi.

Serikali iliichukua desturi hii mwanzoni mwa karne ya 20, na inaendelea hadi leo kwa majina mengine. Mwingereza anayepokea malipo ya kukosa kazi huitwa ofisini kwa miadi, na wapo wengi wanaokosa usingizi usiku wa kuamkia siku hiyo, matumbo joto, wakiogopa kuchelewa basi au kujibu vibaya. Ni rahisi kuiona hofu hiyo kuwa unyonge wa mtu mmoja mmoja. Ukiifuatilia kaunta ya ofisi hiyo kwa miaka mia moja na zaidi unaona jambo jingine: hofu iliingia ofisini kupitia sheria, kifungu baada ya kifungu, na mara chache ilipotoka, ilitolewa na sheria pia.

Mwaka 1907 William Beveridge, mtafiti wa tatizo la ukosefu wa kazi, alikwenda Ujerumani kuangalia ofisi za kuunganisha waajiri na watafuta kazi. Aliporudi alimshawishi Winston Churchill, aliyekuwa waziri wa biashara kuanzia 1908, na sheria ya kuanzisha ofisi za ajira ikapita mwaka 1909. Ofisi 62 za mwanzo zilifunguliwa tarehe 1 Februari 1910, Beveridge akiwa mkurugenzi wake katika umri wa miaka 30. Wanaume na wanawake waliwekewa milango tofauti. Wakati huo hapakuwa na posho yoyote ya kutolewa, kwa hiyo mtu alikwenda kwa hiari yake, kutafuta kazi tu.

Mambo yalibadilika na Sheria ya Bima ya Taifa ya mwaka 1911. Sehemu yake ya pili iliwakatia bima wafanyakazi wapatao milioni 2.25 wa sekta zilizojulikana kwa kusimama msimu ukiharibika: ujenzi, uundaji wa meli, uhandisi mitambo, usubiaji wa chuma, upasuaji wa mbao. Mfanyakazi alikatwa peni 2 na nusu kwa wiki, mwajiri akatoa kiasi hicho hicho, serikali ikaongezea. Aliyekosa kazi alipata shilingi 7 kwa wiki, kwa wiki zisizozidi 15 katika mwaka. Malipo ya kwanza yalitoka Januari 1913.

Utaratibu ulikuwa hivi. Kila mfanyakazi alikuwa na kitabu cha bima, na mwajiri alikitunza na kukibandika stempu wiki hadi wiki. Siku ya kupigwa kalamu, mtu alirudishiwa kitabu chake, akakipeleka ofisi ya ajira, karani akakiweka kabatini. Tangu siku hiyo alitakiwa kurudi kutia sahihi kwenye daftari saa za kazi. Kitabu kikiwa kwa karani hakiwezi kuwa kwa mwajiri, na mtu akiwa kwenye kaunta hawezi kuwa kiwandani. Ulikuwa ushahidi wa macho usiohitaji maswali mengi. Vyama vya wafanyakazi viliruhusiwa kuendelea kuwalipa wanachama wao na kurejeshewa fedha na serikali, ndiyo maana mafundi wengi hawakuhisi tofauti mwanzoni.

Lakini sheria ile ile ilibeba mbegu ya mambo yaliyofuata. Aliyeacha kazi kwa hiari bila sababu ya maana, au aliyefukuzwa kwa utovu wa nidhamu, alinyimwa posho kwa wiki 6. Churchill mwenyewe hakulipenda sharti la namna hiyo. Katika waraka wa mwaka 1909 aliteta kwamba hata mlevi aliyefukuzwa kwa ulevi wake alikuwa amelipa michango, na hesabu za bima zisichanganywe na hukumu za tabia. Hoja yake ilishindwa. Mara sharti hilo lilipowekwa, ilibidi awepo mtu wa kuuliza, na mtu wa kujibu.

Waingereza hawakuileta bima hiyo Kenya wala Tanganyika walipotawala. Tanzania ililiingiza fao la upotevu wa ajira kwenye mageuzi ya mifuko ya hifadhi ya jamii ya mwaka 2018: theluthi moja ya mshahara kwa miezi 6, na aliyejiuzulu mwenyewe hahesabiwi. Msomaji aliyefuatilia mjadala mkali wa wakati ule kuhusu fao la kujitoa, yaani mwanachama kuchukua michango yake anapoacha kazi, ataona kwamba swali la nani kaondoka na nani kaondolewa lilikwisha kuwasumbua wengine karne nzima kabla.

Vita Kuu ya Kwanza ilipokwisha, serikali iliogopa askari waliorudi mikono mitupu, ikawapa posho ya muda bila kudai michango. Mwaka 1920 bima ikapanuliwa hadi kufikia watu zaidi ya milioni 11. Miezi michache baadaye uchumi ukaanguka, na katika muongo uliofuata idadi ya wasio na kazi ikawa inazunguka milioni moja na kupita. Mfuko ukakauka. Ndipo likaja sharti ambalo kwa maoni ya mwandishi huyu ndilo lililoigeuza kaunta kuwa mahakama.

Kuanzia Machi 1921, aliyemaliza haki yake ya kawaida na kuomba nyongeza alitakiwa kuthibitisha kwamba anatafuta kazi kwa dhati. Mwaka 1924 serikali ya chama cha Labour, iliyotazamiwa kuwatetea, ililitandaza sharti hilo kwa waombaji wote. Kamati za mitaa zilimwita mtu na kumwuliza jana alikwenda wapi, juzi alikwenda wapi, alizungumza na nani, mlango upi, saa ngapi. Jibu kwamba hakuna kiwanda kinachoajiri mjini halikumsaidia, hata kama lilikuwa kweli na wanakamati wote walilijua. Kwa hiyo wanaume waliamka alfajiri na kuzunguka milango ya viwanda walivyojua vimejaa, ili tu wapate majina ya kutaja. Soli za viatu ziliisha katika safari ambazo kila mtu alijua hazina tija.

Mwaka 1926 mwamuzi mkuu wa rufaa za bima alitoa uamuzi kwamba jambo la msingi la kubaini ni hali ya nia ya mwombaji. Hapo ndipo pa kusimama kidogo. Daftari la mwaka 1913 liliuliza kama mtu yupo. Uamuzi wa 1926 uliuliza kuna nini moyoni mwake. Mtu anaweza kuthibitisha kwamba yupo kwa kusimama mbele ya kaunta. Hana namna ya kuutoa moyo auweke mezani. Mwenye maneno mengi na uso mkavu alipita. Mwenye kigugumizi, mwenye aibu, mama aliyeolewa ambaye kamati ilikwisha kuamua kwamba mahali pake ni jikoni, hao walianguka. Kati ya 1921 na 1930 karibu maombi milioni 3 yalikataliwa kwa kigezo hicho.

Kilichoondoa sharti hilo ni sheria tu. Kamati ya Morris, iliyoripoti mwaka 1929, ilipendekeza mzigo wa ushahidi uhamishwe: mtu anyimwe posho pale tu anapopewa nafasi ya kazi inayomfaa akaikataa. Margaret Bondfield, waziri wa kazi na mwanamke wa kwanza kuingia baraza la mawaziri la Uingereza, alipitisha mabadiliko hayo mwaka 1930. Waombaji walikuwa wale wale na viwanda vile vile, ila swali lilikuwa limebadilika, na mvua ya kukataliwa ikakatika. Huo ni ushahidi mzito kwa yeyote anayedhani tatizo lilikuwa uvivu.

Nafuu haikudumu. Novemba 1931, katikati ya mdororo mkubwa, posho zilikuwa zimekwisha kukatwa asilimia 10. Mume mwenye mke na watoto wawili alishuka kutoka shilingi 30 hadi shilingi 27 na peni 3. Aliyepita wiki 26 aliingizwa kwenye upimaji wa kipato cha kaya nzima. Sasa ofisa alibisha hodi nyumbani. Aliangalia samani, akauliza binti anapata kiasi gani dukani na babu anapokea pensheni gani, na vipato hivyo vilipunguza posho ya baba. Vijana waliokuwa na kazi walihama nyumbani ili wazazi wao wasikatwe. Mwaka 1932 kulikuwa na ghasia Birkenhead na Belfast. Tarehe 4 Februari 1935, umati ulioongozwa kwa sehemu kubwa na wanawake uliivamia ofisi ya bodi ya misaada mjini Merthyr Tydfil, Wales, ukavunja madirisha na kuharibu makaratasi. Serikali ikavisimamisha viwango vipya vya misaada vilivyochochea ghasia hizo. Upimaji wa kaya nzima uliondolewa mwaka 1941, mabomu yakiwa yanaanguka.

Mfumo uliotokana na ripoti ya Beveridge ya 1942 kuhusu bima ya jamii ulianza kazi tarehe 5 Julai 1948, na kwa miaka kama 20 kazi zilipatikana kiasi kwamba kaunta ilipoa. Mtu aliripoti, akatia sahihi, akaenda zake. Kadi aliyobeba iliitwa UB40: kipande cha karatasi ngumu chenye jina, namba ya bima na muda wa kuripoti. Vijana wa Birmingham walioanzisha bendi ya rege mwaka 1978 waliichukua namba ya fomu hiyo kuwa jina lao, na jalada la albamu yao ya kwanza, ya mwaka 1980, likawa picha ya kadi yenyewe. Kila kijana wa miji ya viwanda aliitambua mara moja.

Mwaka 1973 serikali ilijaribu kutenganisha mambo mawili yaliyokuwa yamefungwa pamoja tangu 1911. Ofisi mpya za kazi, zenye mabango ya rangi ya chungwa na kadi za nafasi zilizobandikwa ukutani mtu ajichagulie, ziliwekwa mbali na ofisi za posho. Wazo lilikuwa kwamba mtu akiingia kutafuta kazi asihisi anachunguzwa. Lilikuwa wazo zuri, na inasikitisha kwamba halikupewa muda.

Januari 1982 wasio na kazi walipita milioni 3. Mwaka huo huo mwandishi wa tamthilia Alan Bleasdale aliwaonyesha watazamaji wa televisheni kundi la vibarua wa Liverpool, na hadithi yao ilianza kwenye kaunta ya posho, mmoja mmoja akijibu maswali ya karani. Mwaka 1986 mpango ulioitwa Restart ukawaita kwenye mahojiano waliokaa muda mrefu bila kazi. Sheria ya 1989 ikarudisha sharti la kutafuta kazi kwa bidii, karibu miaka 60 tangu Bondfield alifute. Oktoba 1996 ikaja posho mpya, Jobseeker's Allowance, yenye mkataba wa kusaini na kumbukumbu za kila ulipoomba kazi. Mwaka 2002 ofisi za kazi na za posho ziliunganishwa tena chini ya jina la Jobcentre Plus. Vioo vya kaunta viliondolewa, yakaja madawati ya wazi na mazulia. Anayekusaidia kutafuta kazi na anayeweza kukusababishia ukatiwe posho wakawa mtu mmoja.

Sheria ya 2012 ilipandisha adhabu hadi wiki 156, yaani miaka 3 bila posho kwa makosa yaliyoitwa makubwa; adhabu hiyo ya miaka 3 iliondolewa mwaka 2019. Posho mpya ya Universal Credit, iliyoanza Aprili 2013 huko Ashton-under-Lyne karibu na Manchester, ilileta ahadi ya kusaini, matarajio ya saa 35 za kutafuta kazi kila wiki, na akaunti ya mtandaoni ambamo ujumbe wa miadi huingizwa. Asiyekuwa na bando siku hiyo anaweza asiuone.

Adhabu ya kukosa miadi inafanya kazi namna hii. Malipo ya msingi ya mtu mzima husimama yote tangu siku aliyokosa kufika hadi siku atakapopanga miadi mingine na kufika, kisha huongezwa siku 7, 14 au 28 kulingana na kama alikwisha kuadhibiwa kabla. Akiishiwa kabisa anaweza kuomba fedha za dharura, ambazo ni mkopo utakaokatwa baadaye. Anayo nafasi ya kueleza sababu nzuri ya kutofika, na sababu hiyo hupimwa na mtu ambaye hakuwepo. Katika miaka ya karibuni, zaidi ya asilimia 90 ya adhabu za Universal Credit zimetokana na kutohudhuria au kutoshiriki mahojiano. Waliokataa kazi ni wachache mno katika hesabu hiyo. Swali la mwaka 1913, kama mtu yupo, limerudi, ila sasa jibu lake linamaanisha kula au kulala njaa.

Filamu ya Ken Loach, I, Daniel Blake, iliyoshinda tuzo ya Palme d'Or mjini Cannes mwaka 2016, ina tukio ambalo Waingereza wengi walisema wanalijua. Mama wa watoto wawili aliyehamishwa kutoka London hadi Newcastle anachelewa miadi kwa sababu hajaujua mji. Ofisa hapandishi sauti. Anamwambia tu kwamba jina lake linapelekwa kwa ajili ya adhabu. Mwaka huo huo mkaguzi mkuu wa hesabu za serikali alionyesha kwamba viwango vya kupeleka watu kwenye adhabu vilitofautiana sana kati ya ofisi na ofisi, bila waombaji wenyewe kuwa tofauti kiasi hicho. Ukikaa mtaa huu unasamehewa, ukikaa mtaa wa pili unakatwa. Utafiti ulioongozwa na Chuo Kikuu cha York kati ya 2013 na 2018, uliowahoji mamia ya wapokeaji tena na tena, ulikuta kwamba adhabu hazikuwasukuma watu kazini kwa kiasi chochote cha kujivunia, na kwamba ziliwaachia madeni, afya mbovu na wasiwasi.

Mahakama nazo zilikuwa zimelisikia suala la wasiwasi huo. Mei 2013 baraza la juu la rufaa liliamua kwamba utaratibu wa kupima uwezo wa wagonjwa kufanya kazi uliwaweka wenye matatizo ya afya ya akili mahali pabaya kuliko wengine, na Mahakama ya Rufaa ikaunga mkono mwezi Desemba. Sababu zake zinaeleweka hata bila kusoma hukumu. Mtu mwenye hofu ya kukutana na watu, akikaa mbele ya mgeni mwenye kompyuta, hujibu ndiyo ili yaishe. Hasemi kwamba alitapika asubuhi, wala kwamba alizunguka jengo mara kadhaa kabla ya kuingia. Kwenye fomu anaonekana mzima.

Miongoni mwa wanaokaa kwenye viti hivyo leo wamo wasemaji wa Kiswahili. Mkongomani au Mrundi anayekubaliwa kuwa mkimbizi Uingereza amekuwa, kwa miaka mingi, akipewa siku 28 kabla ya kuondolewa kwenye makazi na posho ya waomba hifadhi. Baada ya hapo mlango wa kubisha ni wa Jobcentre. Huyu ametoka kwenye mahojiano ya uhamiaji ambako tarehe moja iliyochanganywa ingeweza kumfanya aonekane mwongo. Haki ya mkalimani wa simu anayo. Kumweleza kwamba mahojiano haya ni ya kazi tu, wala hayagusi hifadhi yake, ni jambo la dakika mbili, na linastahili kufanywa kila mara.

Machi 2020 ugonjwa wa Uviko-19 ulifanya jambo ambalo hakuna kamati iliyothubutu kulipendekeza. Miadi ya ana kwa ana ilisimamishwa. Kati ya tarehe 16 na 31 mwezi huo watu kama 950,000 waliomba Universal Credit, na waliomba kwa mtandao na simu. Kuanzia tarehe 30 Machi adhabu nazo zilisitishwa kwa miezi 3. Fedha ziliwafikia watu bila mwili wa mtu yeyote kuonekana kwenye kaunta. Kama lilihitajika jaribio la kuonyesha kwamba miadi ya lazima si nguzo inayoshikilia nyumba nzima, lilifanyika hapo, kwa nchi nzima.

Kuanzia Aprili 2021 miadi ya ana kwa ana ilirudishwa, pamoja na washauri wapya wa kazi 13,500 walioajiriwa. Sheria ya Usawa ya 2010 inaitaka ofisi imrekebishie utaratibu mtu mwenye ulemavu, na matatizo ya akili ya muda mrefu yamo: miadi kwa simu, saa ambayo ofisi haina watu wengi, chumba cha faragha. Kwenda na ndugu au rafiki wa kukaa naye ni ruhusa kwa yeyote. Lakini mara nyingi mtu hupata marekebisho hayo baada ya kuyaomba mwenyewe na kueleza ugonjwa wake, na anayepokea ombi ni mshauri yule yule ambaye, mwombaji asipofika, ndiye anayepeleka jina lake kwa mwamuzi wa adhabu.